Usichonge amadinda ya babu yako (jibu kwa dada wa klarineti na msiba)

Dada, kabla hujasoma mstari wa pili mpigie simu huyo seremala, mwambie asiguse kitu. Halafu rudi.

Umerudi? Haya.

Kwa mnaoingia kwenye uzi sasa hivi: dada anataka kutunga kipande cha watu wawili, klarineti na amadinda (marimba ya mbao ya Kiganda), kipigwe kwao Masaka siku ya kuhitimisha msiba wa baba yake. Ameuliza kiwe na urefu gani, akiandikeje kwenye karatasi, wazee watakipokeaje, na kama kinaweza kurudiwa kanisani. Maswali mazuri yote. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini kama mtu anayekopa, anasema amadinda ni ya marehemu babu yake, hayapatani na klarineti, na "mtu mmoja anayejua muziki" amemshauri mbao zichongwe kidogo zilingane. Jumamosi zinakwenda kwa seremala. Anauliza bei.

Bei naijua. Mwaka 2016 nililipa shilingi 350,000 kwa seremala na 600,000 kwa mshauri, na nikapoteza kitu ambacho ukinipa ng'ombe wote wa Ankole na pembe zao sitakipata tena. Ndiyo maana leo sina salamu za kuzunguka.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nimezaliwa Nsambya, kwenye zile nyumba za polisi ambako jirani wa kushoto ni Mwacholi, wa kulia Mteso, nyuma Mganda aliyeoa Mnubi, na Kiswahili ndicho kilichotulea na kutuchapa sote. Baba alikuwa mtu wa Arua, akipuliza klarineti kwenye bendi. Mama alikuwa Mganda wa Mpigi, na huko kwao babu alikuwa na amadinda: mbao 12 za mti wa lusambya, nyeusi kwa moshi kwa sababu zilikuwa zinalazwa darini juu ya mafiga wadudu wasizitoboe. Baba alitangulia. Mama akafuata mwaka 2015. Klarineti ikabaki kwangu, amadinda yakabaki Mpigi kwa mjomba.

Kwa hiyo nilipopata wazo la kuzikutanisha ala hizi mbili siku ya okwabya olumbe, yaani kuhitimisha msiba, ya mama, nililia peke yangu ndani ya teksi, konda akanirudishia chenji bila kubishana. Upande wa baba unapuliza, upande wa mama unagonga. Nani angekataa? Wazo lilikuwa zuri, na bado nasema lilikuwa zuri. Mbovu nilikuwa mimi.

Nikayaomba amadinda kwa mjomba nikayaleta Kampala. Mazoezi ya kwanza tukafanya sebuleni kwangu Kisaasi, binamu yangu kwenye mbao. Noti ya kwanza tukakutana vizuri kabisa. Ya pili tukasikika kama makonda wawili wa Old Taxi Park wanaomgombania abiria mmoja. Mtoto wangu alitoka chumbani kuangalia nani anapigana.

Sasa sikiliza ubaya ulipo, maana huyo mshauri wako hatakueleza. Klarineti imetobolewa kwa ngazi ya kizungu: oktavu moja (kutoka sauti moja mpaka ile ile ya juu yake) imekatwa vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande senti 100. (Senti za muziki. Zile za pesa Uganda tulishazizika zamani.) Oktavu nzima ni senti 1,200. Amadinda hayana vipande 12. Yana hatua tano tu ndani ya oktavu, na hatua hizo zinakaribia kulingana, kila moja kama senti 240. Si siri ya waganga hii. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alipima kinubi cha Kiganda akachapisha mwaka 1950 kwamba hatua zake zinalingana namna hiyo. Mambo yaliyoandikwa baba yangu akiwa bado hajajua kuvaa viatu, mimi nikaja kuyajua baada ya kuharibu.

Piga hesabu. Anzeni pamoja kwenye sifuri. Hatua ya pili ya amadinda iko 240; klarineti ina 200, inayofuata 300, na katikati hakuna kidole. Ya tatu iko 480, klarineti ina 500. Ya nne 720, klarineti 700. Ya tano 960, klarineti 1,000. Mnapishana 40, 20, 20, 40. Ishirini sikio linasamehe, hasa msibani ambako watu wanapenga kamasi. Arobaini halisamehi. Na hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Mbao za babu yako hazikusoma karatasi.

Hapo ndipo alipoingia mtaalamu wangu. Simtaji jina, ana watoto. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na cheti, fulana nyeusi, na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Programu yenyewe ina sindano: sauti ikikubalika inageuka kijani, isipokubalika nyekundu. Nyumbani kwangu jina lake ni Bwana Kijani mpaka leo. Akagonga ubao wa kwanza, kijani. Wa pili, nyekundu. Wa tatu, nyekundu. Akakunja uso kama daktari aliyepokea picha ya mapafu. "Haya yameharibika," akasema. "Uzee. Mbao zimekauka vibaya, sauti imehama."

Na mimi nikaamini! Mtoto wa mpiga klarineti, niliyelala usingizi nikisikia mbao zile kila likizo ya Desemba, nikaamini kwamba babu yangu alikuwa kiziwi na simu ya Bwana Kijani ndiyo yenye masikio.

Nilimuuliza swali moja la maana siku ile, moja tu: je, siwezi kuisogeza klarineti? Akacheka. Akasema klarineti ni ala ya viwango vya kimataifa, haisogezwi, kinachosogezwa ni hiki cha kienyeji. Uongo, dada. Uongo mtupu, uliovaa fulana nyeusi. Kesho yake tukapakia mbao kwenye boda mbili tukashuka Ndeeba.

Seremala simlaumu. Fundi wa vitanda, mtu mpole, aliuliza mara mbili, "Mna uhakika?" Kuchonga ubao wa amadinda ni kazi rahisi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Ukitaka sauti ishuke unakwangua tumboni, upande wa chini katikati. Ukitaka ipande unapunguza ncha. Huko kote unaondoa tu. Ndeeba nzima haina randa inayorudisha.

Ubao wa pili tukaulaza kifudifudi mezani. Patasi ikapita mara tatu. Chini ya ile ngozi nyeusi ya moshi mti ulikuwa wa manjano mabichi kama ndizi iliyomenywa sasa hivi, na ule unga ulioanguka ulinuka jiko la bibi, miaka yote hiyo, bado. Ugonge. Nyekundu. Patasi tena. Ugonge. Nyekundu, lakini sindano imejongea. Bwana Kijani akainua kidole kama anayeongoza kwaya. Patasi tena. Kijani! Tukagongana mikono.

Na hapo akanieleza, tukiwa tumeshaanza, kwamba mbao zile ni ukoo. Wa kwanza, wa sita na wa 11 ni sauti moja kwenye oktavu tofauti. Wa pili, wa saba na wa 12 vivyo hivyo. Wa tatu na wa nane, wa nne na wa tisa, wa tano na wa kumi. Ukigusa mmoja lazima uwaguse nduguze. "Kuchonga kidogo" kukawa mbao tisa kati ya 12. Wa nne ulishuka kupita kiasi, akasema tupunguze ncha upande. Ukapanda kupita kiasi. Tumbo tena. Ncha tena. Ubao uliokuwa mnene kama kiganja cha mkulima ukaisha kama rula ya shule, na ukiugonga unalia ka, kama mfuniko wa ndoo ya plastiki. "Sauti ni sahihi," akasema, akinionyesha simu.

Saa kumi na moja jioni mbao zote zilikuwa kijani. Tukapiga picha ya pamoja. Ninayo. Natabasamu ndani yake kama aliyepata viza.

Siku yenyewe. Wewe wa Masaka hili unalijua, nawaeleza wengine: Buganda mtu huzikwa kwanza, halafu baadaye ukoo hukusanyika kuufunga msiba na kumsimika mrithi. Watu husema wanakwenda mu ngalabi, kwa jina la ile ngoma ndefu ya ngozi ya kenge. Ilikuwa mwezi wa sita. Mkesha ulikwenda vizuri, ngoma zikalia, wazee wakapata chao. Sisi tulipangiwa alfajiri, kabla ya shughuli ya mrithi, wakati umande umelala juu ya turubai na moshi wa matooke unapita chini chini.

Mjomba, kojja mkubwa, ndiye aliyefundishwa amadinda na babu mwenyewe. Tulikubaliana yeye agonge. Habari za Ndeeba hakuwa nazo, nilimwambia tumeyasafisha. (Ndiyo, najua.) Vigogo viwili vya mgomba vilikuwa vimekatwa usiku ule ule, bado vinatoa maji, na mbao zimepangwa juu yake na vijiti katikati. Akakaa upande wake. Akapangusa viganja kwenye kanzu. Akachukua fimbo mbili akagonga kidogo, kwa kuonja, kama mpishi anavyolamba mchuzi kwenye mkono.

Noti tatu. Akasimama.

Akagonga ule wa pili peke yake. Akasubiri ulie mpaka uishe, na haukuchukua muda. Akauinua, akaugeuza, akaona tumbo la manjano. Watu kimya. Akapitisha kidole gumba pale patasi ilipopita. Akaurudisha juu ya mgomba taratibu, akaninyooshea macho, akaniuliza:

"Na huyu, mmemzika lini?"

Shangazi mmoja alicheka akidhani ni utani wa msibani. Hakuna mwingine aliyecheka.

Tulipiga hata hivyo, watu walishakaa. Na usikie sehemu inayochekesha, ile ninayoisimulia mimi mwenyewe kabla wengine hawajaisimulia: hatukulingana! Bwana Kijani alipima klarineti Kampala, saa nane mchana, chumba kina joto la kuivisha parachichi. Mpigi alfajiri ni nchi nyingine. Ala ya kupuliza ni hewa ndani ya bomba, na hewa ikipoa kwa nyuzi 10 sauti yake inaweza kushuka karibu senti 30 kabla pumzi yako haijaipasha. Klarineti isiyosogezwa, ala ya viwango vya kimataifa, ilikuwa imejisogeza yenyewe kwa sababu ya umande! Mbao nilizozichonga zimfuate zilikuwa zimekaa pale pale nilipoziweka, na mwenyewe kaondoka.

Baadaye mjomba alinikuta nyuma ya jiko. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema, kwa Kiganda, lakini Kiswahili chake ni hiki: "Mwaka 1966 jeshi lilipoingia Lubiri, jumba la mfalme wetu Kabaka, ala zake ziliishia mle ndani. Hizi za baba zilipona kwa sababu zilikuwa jikoni, nani angekuja kuvamia jiko? Zimekaa miaka 50 zikimsubiri mjukuu mwenye simu."

Pesa utazitafuta. Kilichokwenda moja kwa moja ni hiki. Hakuna amadinda mawili yanayolingana kabisa. Kila fundi alizichonga mbao kwa sikio lake, hata oktavu zake huwa na kamtetemo kadogo kanakofanya sauti ing'ae, ambako simu inakuita kosa. Mama alikua akisikia mbao zile. Miezi kadhaa baada ya olumbe nilikuwa nasikiliza rekodi ya simu, mama akiimba jikoni akimenya ndizi. Siku zote tulimtania kwamba anaimba chini kidogo. Hakuwa chini. Alikuwa kwenye hatua ya tano ya babu, iko pale pale, kila anaporudi anarudi pale pale. Aliimba maisha yake yote akifuata mbao ambazo mimi nilizichonga kwa ajili ya kumlilia.

Basi hiyo ndiyo bei, dada.

Na kanuni niliyoinunua kwa bei hiyo nakupa bure: MWENYE PUMZI NDIYE ASOGEE. Ubao hauwezi kusogea. Ngoma ikishawambwa haiwezi kusogea katikati ya wimbo. Mwenye midomo, mapafu na vidole ndiye mwenye pa kwenda, kwa hiyo yeye ndiye aende. Ukikuta popote mtu anasema ala ya kupigwa irekebishwe imfuate anayepuliza, funga begi lako.

Klarineti inasogea sana kuliko walivyokudanganya. Legeza taya kidogo, acha mdomo ulegee kwenye ridi (ule ulimi mwembamba wa kipulizio), sauti inateremka. Kupanda ndiko kugumu. Kwa hiyo fanya ujanja: tafuta kile kipande kifupi chini ya kipulizio kilicho kifupi zaidi ya cha kawaida, ala nzima ipande kwanza, halafu kazi yako yote iwe kuteremka. Noti za katikati, zile za kooni, ziteremshe kwa kuongeza vidole vya mkono wa kulia kwenye matundu ya chini. Sauti za chini kabisa ni kaidi kama punda, hazipindiki. Usiweke kilio chako huko. Kilio kiweke juu, ambako mdomo ukilegea kidogo tu noti inaanguka yenyewe.

Na namna ya kujifunza: zima simu. Chukua ubao mmoja tu, uweke kwenye vipande viwili vya mgomba mbele yako, mtu augonge polepole, ugonge na ugonge. Wewe puliza noti ndefu, laini. Utasikia kati yenu wau-wau-wau, kama jenereta mbili za mitaa jirani. Legeza mdomo. Wau, wau, wau. Legeza tena. Wau... wau... Halafu inakoma, na ubao unaonekana kama umekua ukubwa. Ukifika pale kaa hapo nusu saa. Kesho ubao wa pili. Mimi ilinichukua miezi minne kwa mbao zote, jirani akahama. (Alikuwa anahama hata hivyo, lakini sikatai mchango wangu.)

Ukimpata mtu wa endere, hiyo filimbi yetu ya matundu manne, nusu ya kazi hii inakuondokea maana ngazi yake ni hiyo hiyo ya hatua tano. Lakini umesema klarineti ni ya marehemu baba yako, kwa hiyo najua hutaiacha, na mimi nisingeiacha.

Sisi tulikuja kupiga tena mwaka 2018, sebuleni, watu kama 14 na chai. Kwa mbao mpya: mjomba alikubali baada ya kuombwa na watu watatu tofauti, akamsimamia mchongaji wa kijijini, wakizichonga kwa ile rekodi ya mama na sekunde 40 za video ya harusi yenye kelele za jenereta. Si zile. Zinafanana nazo kama mtoto anavyofanana na babu yake, unaona pua tu.

Na hapa ndipo nilipogundua kwamba hata kipande changu cha kwanza kilikuwa kibovu, achilia mbao. Nilikuwa nimemwandikia mgongaji mmoja kila kitu, mkono wa kushoto huku wa kulia kule, kama piano ya hotelini. Amadinda ni ya watu watatu. Omunazi anaanza, noti moja moja kwa nafasi sawa. Omwawuzi anakaa ng'ambo yake na kupachika noti zake kwenye zile nafasi. Omukoonezi anachokoza zile mbao mbili za juu. Wimbo unaousikia hakuna anayeupiga. Unatokea katikati yao. Mjomba akasema, "Kama ni msiba, kwa nini unajaza? Acha nipige wangu tu."

Akapiga sehemu ya omunazi peke yake. Ng'ambo yake tukaweka kigoda, na fimbo mbili juu yake, basi. Kila baada ya noti moja kuna nafasi ambayo ilikuwa ya mtu. Anayeujua wimbo anasikia shimo kila nusu sekunde, mpaka mwisho. Mimi na klarineti nilikuwa nimeandika manung'uniko marefu juu yake. Tukafuta nusu, halafu nusu ya iliyobaki. Mara nyingine naingia kwenye lile shimo, noti moja, fupi, chini ya pumzi. Mara nyingi siingii. Dakika sita na nusu. Shangazi yule aliyecheka mara ya kwanza alitoka nje kabla hatujamaliza, tukamkuta anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Hayo yasingewezekana kama tungekuwa bado tunagombana kwa senti 40, maana sikio linalosikia ugomvi halisikii shimo. Narudia, asogee mwenye pumzi.

Najua uliuliza pia mambo ya karatasi, wazee na kanisa. Mbao kwanza. Ukiniambia ziko salama nyumbani, zimelala darini, nitayajibu yote na mchoro nitakuwekea. Na kabla hujaanza mazoezi, rekodi kila ubao, mmoja mmoja, gonga mara tatu uache ulie mpaka uishe, usiku ambapo hakuna boda wala redio ya jirani. Nakili mara mbili, moja mpe ndugu anayeishi mbali. Andika namba kwa chaki kwenye ubavu wa kila ubao, si tumboni.

Umeshampigia seremala? Na huyo mshauri wako, hebu niambie hapa hapa mbele ya watu: anavaa fulana nyeusi?